Mwanangu anasema yeye ndiye Achilles

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani, naishi Morogoro. Ninayekuandikia habari zake ni mwanangu wa kwanza. Ana miaka 16, yuko kidato cha pili. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani anapita tu.

Mwanangu ni beki wa kati na alikuwa nahodha wa timu ya mtaa. Kitambaa cha unahodha nilikishona mimi, satini ya njano iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi, nikatia na lastiki. Mwezi uliopita kocha alimvua kitambaa kile mbele ya wenzake, akamvisha kijana mwingine ambaye baba yake ndiye aliyenunua jezi mpya. Mwanangu hakujibu neno. Alirudi nyumbani, akavitundika viatu vyake msumarini, akasema hachezi tena hata waje wampigie magoti. Na kweli walikuja. Alikuja kocha mwenyewe na wazee wawili wa mtaa, wakakaa kwenye benchi la wateja wangu, wakambembeleza. Akakataa. Sikufichi, Mwalimu, mimi nilimuunga mkono, maana jambo lile na mimi liliniuma.

Timu ikafungwa mechi mbili. Kabla ya mechi ya tatu akaja rafiki yake, wametoka pamoja tangu chekechea, machozi yanamlengalenga, akaomba acheze yeye nafasi ile. Njumu hana, akaazima za mwanangu. Zilimzidi, na mimi ndiye niliyemwokotea vipande vya kitambaa chini ya cherehani akajaza kwenye vidole. Mwanangu akamwambia, "Kaa nyuma, okoa mipira tu, usipande." Dakika za mwisho yule mtoto akapanda. Wakagongana na mwenzake, mguu ukavunjika chini ya goti. Sasa ni wiki ya nne yuko ndani, plasta mpaka pajani.

Tangu siku hiyo mwanangu hajaenda kumwona. Chakula anakidonoa tu. Usiku nasikia kitanda kinalia, anageuka huku na huku, mara anatoka anazunguka uani peke yake. Anasoma kitabu kimoja tu, cha Kiingereza, alichoachiwa na marehemu mjomba wake, habari za shujaa wa Kigiriki anayeitwa Achilles. Nilipomuuliza kuna nini humo, akaniambia, "Mama, mimi ndiye Achilles." Nilikasirika. Nikamwambia majivuno hayohayo ndiyo yaliyotufikisha hapa. Hajanisemesha vizuri tangu hapo.

Juzi yuko shule, nikakifungua. Ukurasa mmoja umekunjwa na mstari umepigwa penseli. Nikamwomba binti wa jirani anayesoma chuo anitafsirie. Akasema mtu huyo anasema amekaa tu kando ya merikebu, mzigo wa bure juu ya ardhi. Maneno hayo, "mzigo wa bure", nimeyakuta pia nyuma ya daftari lake la hesabu.

Dada yangu anasema nikichome moto, ni hadithi za miungu ya kipagani na zimemwingia mtoto kichwani. Kuchoma kitabu cha marehemu kaka yangu moyo unakataa. Lakini huyu Achilles ni mtu wa kumwachia mtoto kweli? Na yule mama wa rafiki yake, tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi bombani, sasa nazunguka njia ya nyuma nisikutane naye. Nifanye nini?

Mama fundi, Morogoro

*

Marahaba, mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye lile daftari la hesabu. Nianze hapo, maana kitabu kinaweza kusubiri na mtoto hawezi.

Leo hii, kabla hamjalala, kaa naye mahali ambapo wadogo zake hawasikii, umuulize waziwazi: unafikiria kujidhuru? Unatamani kufa? Usizungushe maneno. Wazazi wengi huogopa kwamba ukimtajia mtoto jambo hilo ndiyo umemfundisha. Sivyo. Swali halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na aliye nalo hupata mahali pa kulitua. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna inayokutisha, usimwache peke yake hata kidogo, na umpeleke hospitali saa hiyohiyo ukaonane na wahudumu wa afya ya akili. Mpigie na baba yake simu, mzigo wa malori usubiri. Hata akisema hapana, wiki nne za kutokula na kutolala zinatosha kumpeleka kwa daktari. Hilo lifanye sambamba na yote nitakayokueleza hapa, lisingoje.

Sasa kitabu. Usikichome.

Mama, mwanao hakuwa anajivuna. Ulisikia "mimi ndiye Achilles" ukadhani anajiita shujaa, na mtu yeyote asiyekijua kisa angedhani hivyo. Mimi niliyekifundisha darasani na kukisoma tena na tena nimesikia kitu kingine kabisa. Mtoto alikuwa anakiri kosa. Alikuwa anakwambia kwamba amemponza rafiki yake.

Kisa chenyewe kiko hivi. Achilles ni mwana wa Peleus, mfalme wa Phthia, na mama yake ni Thetis, mungu wa kike wa baharini katika imani ya Wagiriki wa kale. Alikwenda na Wagiriki wenzake kwenye vita vya mji wa Troy, na merikebu 50, na katika jeshi lote hakuna aliyemkaribia kwa mbio wala kwa mkuki. Utenzi unaosimulia habari zake, Iliad ya mshairi Homer, una vitabu 24, yaani sehemu zake kubwa, na mistari zaidi ya 15,000, na neno lake la kwanza kabisa ni hasira. Katika mwaka wa kumi wa vita, mkuu wa majeshi, Agamemnon, alimnyang'anya mbele ya watu wote tuzo aliyopewa na jeshi. Tuzo yenyewe alikuwa mwanamke mateka, Briseis, na inaniuma kila ninapoiandika sentensi hii, binadamu kugawiwa kama ngawira. Achilles alianza kuchomoa upanga, akaurudisha, akaitupa chini fimbo ya baraza, akaenda zake kwenye mahema yake. Kiswahili kina neno lake hasa: alisusa. Alisusa vita, akasusa na vikao, akakaa huku wenzake wanakufa.

Wakaja wakubwa kumbembeleza, kama walivyokuja kwenye benchi lako la wateja. Odysseus akamhesabia zawadi anazopewa akirudi vitani: dhahabu, farasi 12, miji 7, na Briseis mwenyewe. Mzee Phoenix, aliyemlea, akamkumbusha kwa machozi jinsi alivyokuwa akimpakata na kumlisha, na yeye mtoto akimtemea divai kifuani. Akakataa yote. Ni hapo, kitabu cha tisa, ndipo penye yale maneno ambayo vijana huyapenda, kwamba amewekewa njia mbili: maisha mafupi yenye sifa isiyokufa, au maisha marefu yasiyo na jina. Wanaoyanukuu huruka mistari iliyotangulia. Anasema ng'ombe na kondoo mtu anaweza kuwateka, farasi anaweza kuwapata, lakini pumzi ya mtu ikishavuka ua wa meno yake haitekwi tena wala hairudi. Siku ile alikuwa anasema atapakia merikebu zake arudi kwao. Mwanao akikutajia habari ya maisha mafupi yenye sifa, mwambie akusomee kuanzia hapo juu.

Kisha akaja Patroclus. Huyu ni rafiki aliyelelewa naye nyumba moja tangu utoto. Alikuja analia, na utenzi unasema alilia kama kitoto cha kike kinachomkimbilia mama yake, kinamvuta nguo, kinamtazama usoni na machozi yake mpaka abebwe. Aliomba avae silaha za Achilles aende badala yake. Achilles akampa: deraya, ngao, kofia ya vita. Mkuki tu haukwenda, ulikuwa mzito mno kwake. Akamwagiza: ukishawafukuza kwenye merikebu, rudi, usiende mpaka mjini. Patroclus akapanda. Akafika mpaka ukuta wa Troy, na huko Hector, shujaa wa Troy, akamuua.

Unaona sasa? Njumu zilizozidi ukubwa, vitambaa kwenye vidole, "kaa nyuma, usipande." Kitabu hakikumwingia mtoto kichwani. Yeye alikifungua akajikuta yumo ndani, na akakwama palepale panapouma.

Ukurasa aliokunja ni wa kitabu cha 18. Hapo habari imekwisha kuletwa. Achilles amechota majivu kwa mikono miwili akajimwagia kichwani, amelala chini vumbini, anang'oa nywele zake. Kijana aliyeleta habari, Antilochus, amemshika mikono huku na yeye analia, kwa kuogopa asije akajidhuru. Homer hakuona aibu kuandika hivyo juu ya shujaa aliyewazidi wote. Basi na wewe usione aibu kumshika mwanao mikono.

Halafu anakuja mama yake. Nataka ukae kitako mahali hapa, maana katika utenzi mzima wa vita sijaona kitu kinachonigusa kama ziara za huyu mama. Ya kwanza ni mwanzoni kabisa, siku aliponyang'anywa tuzo. Achilles amekaa peke yake ufukweni anaiangalia bahari na kulia, shujaa mzima. Thetis anapanda kutoka majini kama ukungu, anakaa mbele yake, anampapasa kwa mkono, anamuuliza: mwanangu, unalia nini? Ni huzuni gani imekufika? Sema, usifiche moyoni, ili tujue sote wawili. Sasa, kwenye ukurasa aliokunja mwanao, baada ya Patroclus kufa, anakuja tena. Anakishika kichwa cha mwanawe na kuuliza swali lilelile, kwa maneno yaleyale: mwanangu, unalia nini? Sema, usifiche.

Hakumwambia nilikuonya. Hakuuliza umefanya nini tena. Na mwana akasema yote, pamoja na huo "mzigo wa bure" alioupiga penseli mwanao. Maneno yale hakumwambia mwingine yeyote, alimwambia mama yake. Mistari michache chini yake akaongeza jambo ambalo ningependa mwanao alisome kwa sauti: laiti hasira ingetoweka duniani, maana ni tamu kuliko asali inayotiririka, na hupanda kifuani mwa mtu kama moshi. Wewe uliionja asali hiyo, mama, siku ulipomuunga mkono. Sikulaumu. Alidhalilishwa kweli, na kocha aliyemvua mtoto kitambaa kwa sababu ya jezi alikosea. Lakini mwambie mwanao kwamba na wewe ulikuwa mle ndani ya hasira pamoja naye, na vitambaa vya kujazia viatu ulivitoa wewe. Anadhani amebeba peke yake. Umwombe na radhi kwa lile neno la majivuno, umwambie hukuelewa alichokuwa anakwambia.

Sehemu inayofuata ya kisa inatisha, nami sitakuficha. Achilles alirudi vitani si kwa kupona, bali kwa kisasi. Aliua mpaka mto ukajaa maiti. Alimuua Hector, akaifunga maiti nyuma ya gari lake la farasi na kuiburuta vumbini, na siku ya kuichoma maiti ya Patroclus aliwachinja vijana 12 wa Troy kwenye kuni zake. Ni maovu, na utenzi wenyewe unayaita hivyo. Lakini sikiliza ilivyokuwa baada ya hayo yote. Kitabu cha 24 kinafunguka usiku, watu wamelala, yeye hapati usingizi. Analala ubavu, anageuka chali, anageuka kifudifudi, anainuka anazunguka ufukweni. Uliponiandikia kwamba kitanda kinalia usiku na mtoto anatoka kuzunguka uani, niliweka barua chini kidogo.

Kisasi hakikumpa hata usingizi. Na tena anayekuja ni mama yake. Anakaa karibu naye kabisa, anampapasa, anamwambia: mwanangu, mpaka lini utaula moyo wako kwa kilio, bila kukumbuka chakula wala kitanda? Hapo ndipo inapoanza njia ya kutoka, na ndiyo sababu nakwambia kitabu usikichome. Mwanao amekwama kwenye kitabu cha 18. Kuna sita mbele yake.

Usiku ule mzee Priam, mfalme wa Troy, baba wa Hector, anavuka na gari la mizigo mpaka kwenye kambi ya adui. Anaingia hemani peke yake. Anapiga magoti mbele ya Achilles na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Halafu anamwambia: mkumbuke baba yako, naye ni mzee kama mimi, yuko kwao peke yake. Sijui mstari mwingine wenye nguvu kama huo. Achilles anamshika mzee mkono na kumsogeza taratibu, na wote wawili wanalia pamoja, mmoja akimlilia mwanawe, mwingine akimlilia baba yake na mara nyingine Patroclus. Kilio kinajaa nyumba. Wakishatosheka na kulia, Achilles anainuka, anamwinua mzee kwa mkono, anamkalisha kitini. Anaagiza maiti ya Hector ioshwe, ioshwe kando, baba asiione kabla haijafunikwa. Anachinja kondoo kwa mkono wake. Wanakula pamoja. Anamuuliza mzee anahitaji siku ngapi za kumzika mwanawe, kisha anamwahidi kuzuia vita siku hizo zote. Utenzi unaishia kwenye mazishi ya Hector. Kifo cha Achilles mwenyewe hakimo kabisa.

Huyo ndiye Achilles ninayetaka mwanao akutane naye. Mikono ileile iliyoua ndiyo iliyomkatia mzee nyama.

Mwambie dada yako asiogope miungu iliyomo. Hakuna anayemtaka mtoto aiabudu, ni imani ya watu wa kale inayosimuliwa ndani ya kisa chao. Na sisi watu wa Kiswahili mashujaa wa namna hii si wageni kwetu. Fumo Liyongo hakuingiwa na silaha ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe. Hata kile kisigino cha Achilles, kwamba mama yake alimchovya kwenye mto wa Styx akabaki dhaifu pale alipomshikia, Homer hakijui. Kinakuja karne nyingi baadaye, katika maandishi ya Mrumi Statius wa karne ya kwanza baada ya Kristo. Katika Iliad Achilles anachomwa mkuki mkononi na damu inatoka kama ya mtu yeyote. Nalisema hili kwa ajili ya kijana: asidhani shujaa ni ngozi isiyopenya kitu. Na ukimkumbuka Liyongo, mkumbuke na mama yake, ambaye mwanawe alipofungwa gerezani alioka mkate wa wishwa, akatia tupa ya kukatia pingu katikati, akamtuma kijakazi Saada aupeleke. Tupa yako wewe ni hicho kitabu cha 24.

Hatia nayo lazima ipimwe, kama unavyopima kitambaa kabla ya kukata. Mwanao hakuvunja mguu wa mtu. Alisusa, na hilo ni lake. Aliazimisha viatu kwa wema, akatoa na agizo jema. Kupanda mbele aliamua yule mwingine mwenyewe, kama Patroclus, na Homer anasema wazi kwamba Patroclus angalilishika lile agizo angalipona. Lililobaki mikononi mwa mwanao ni moja tu: wiki nne hajaenda kumwona. Na rafiki yake yu hai, mama! Achilles angetoa merikebu zote 50 kwa wiki moja ya namna hiyo. Alimwota Patroclus usingizini, akanyosha mikono amkumbatie, roho ikamponyoka kama moshi. Mwanao akinyosha mkono atamshika mtu.

Kwa hiyo mwende. Katika kisa aliyesafiri usiku ni mwenye msiba, mzee Priam. Kwenu isiwe hivyo, msimngoje mama wa yule mtoto aje kwenu. Tangulia wewe. Kesho asubuhi pita njia yako ya zamani ya bombani, msalimie, umwambie, "Dada, nimekukimbia kwa aibu. Naomba jioni nije na mwanangu kumwona mgonjwa." Huenda akakujibu vibaya. Pokea, rudi siku ya pili. Ukikaribishwa, nenda na chakula ulichopika mwenyewe, mle pale. Mtoto usimpangie hotuba ya kuomba msamaha mbele ya watu wazima. Waacheni wawili hao chumbani, ninyi mkae nje. Wakilia, wacheni walie.

Habari ya timu iwe mwisho, na usimsukume. Lakini kuna kitabu cha 23, michezo ya kumuaga Patroclus, ambacho huwa nawaambia wanafunzi wasikiruke. Achilles hakushindana na mtu. Yeye ndiye aliyetoa tuzo. Watu walipoanza kutukanana akawatuliza, mzee Nestor ambaye hakukimbia chochote akapewa zawadi kwa heshima tu, na Agamemnon, yuleyule aliyemnyang'anya, akapewa tuzo ya kurusha mkuki bila hata kushindana. Mtu aliyesusa kwa ajili ya tuzo moja anasimama uwanjani anagawa tuzo. Siku mwanao atakapotaka kurudi uwanjani, si lazima arudi na kitambaa. Anaweza kuanza kwa kuwanoa wadogo, au kubeba maji. Kitambaa kile cha njano kimekwenda, ila mkono uliokishona upo.

Njumu usizitupe wala kuzificha. Ziache palepale msumarini mpaka atakapozishusha mwenyewe.

Na mkienda kwa mgonjwa, kitabu kiwekeni kwenye mfuko pamoja na chakula. Mtu aliyefungwa plasta mpaka pajani ana jioni ndefu. Kijana akifungue pale alipokunja, aanze kumsomea mwenzake kuanzia kitabu cha 19, kidogokidogo, akimtafsiria penye ugumu. Niandikie wakifika kwa Priam.